Kisima kinashuka na jirani anachimba kokoto: mwongozo kamili wa kupima, kuandika na kudai, kwa wa Dar

Wakuu, haya maelezo ni kwa mtu anayekaa Madale, Mabwepande, Boko, Goba, Chanika, Msongola, Kigamboni na kote ambako bomba ama halijafika ama linatoka siku likijisikia, kwa hiyo kisima ndo kila kitu, alafu pembeni kuna machimbo ya mchanga, changarawe, moramu au kokoto. Na wenye bomba msijione mmepona, mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaingia mji mzima tuliona watu wa mitaa ya kishua wakiulizia kisima cha kuchota.

Malalamiko mengi ya maji na machimbo hapa mjini yanafia njiani kwa sababu moja: hakuna aliyepima kabla. Mlalamikaji anasema shimo limekausha kisima, mchimbaji anasema ni kiangazi hicho, afisa anakuja anaangalia shimo, anaangalia kisima, hana cha kushika, anaondoka. Kwa hiyo kama hutasoma kingine chochote hapa chini, nunua daftari leo uanze kupima maji ya kisima chako hata kama machimbo bado hayajafika mtaani kwenu, maana kipimo cha mwaka jana hakuna fundi wa kukutengenezea mwaka huu.

Hatua ya 1: Jua ni shimo la aina gani

Hapa ndo watu wanachanganya sana. Machimbo sio kitu kimoja na kila aina inagusa maji kivyake.

Kuna kokoto za mwamba, zile za Kunduchi Mtongani, Boko na maeneo ya Wazo. Lile jiwe ni chokaa la matumbawe ya zamani, bahari ilipokuwa juu zaidi ya sasa, na limejaa nyufa na matundu ambayo maji yanapita humo haraka kuliko kwenye mchanga. Kinamama wanaoponda kokoto kwa nyundo pale Mtongani hawamalizi maji ya mtu yeyote, tuwe wakweli. Ishu inaanza shimo likishuka chini ya usawa wa maji na mwenye shimo akafunga pampu ili lori lifike chini. Pampu ikishaanza kuvuta usiku na mchana, maji ya ardhini kuzunguka shimo yanainama kuelekea pale, na visima vilivyo ndani ya huo mduara vinashuka, ila kwenye mwamba wenye nyufa mduara haukai sawa, unaweza kukuta kisima kilicho umbali wa mita 80 hakijaguswa na kilicho umbali wa mita 200 kimekauka kwa sababu cha pili kimekaa kwenye ufa unaotoka shimoni. Ukiona bomba la pampu linamwaga maji nje ya machimbo, hiyo ni taarifa muhimu kuliko kelele za mashine zote.

Kuna mchanga na changarawe za mtoni, yaani Mpiji, Tegeta, Mbezi, Msimbazi, Mzinga na vijito vyake. Hapa pampu haihitajiki. Mto ukichimbwa sakafu yake ikashuka mita mbili, maji ya ardhini pembeni nayo yanatafuta kushuka kufuata mto, kwa sababu mto ndo mfereji wa kuyatoa. Kisima kilichokuwa na maji mita tano kinaanza kutafutwa mita sita, saba. Na shimo halikai pale lilipochimbwa. Mvua kubwa ikija maji yanaanguka kwenye ule mdomo wa shimo kama maporomoko madogo, yanakula mchanga kurudi nyuma kuelekea juu ya mto, kwa hiyo mtu anayekaa kilomita moja juu ya machimbo anashangaa kingo zinadondoka na hajawahi kuona lori hata moja kwake. Upande wa chini nao, maji yaliyoacha mchanga wake shimoni yanafika yakiwa na nguvu ya ziada na yanaanza kula kingo za huko. Hata ufukwe unaguswa, mmomonyoko wa pwani ya Kunduchi umeandikwa na wataalamu miaka mingi na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoilisha pwani ile ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Alafu kuna mchanga wa shamba na moramu, vilima vya Pugu kwenda Chanika, Mvuti, Msongola. Mara nyingi hapa wanachimba juu ya usawa wa maji kwa hiyo kisima hakishuki mara moja. Kinachoondoka ni chujio. Ule mchanga wa juu ndo ulikuwa unapokea mvua na kuichuja taratibu, wakiutoa wakafika kwenye udongo wa mfinyanzi maji hayazami tena, yanakimbia na tope lote kwenda mtoni.

Kitu kingine cha kujua kabla hujagombana na mtu: sehemu kubwa ya Dar ina tabaka mbili za mchanga wenye maji, moja juu na moja chini, na katikati kuna udongo mzito unaozitenganisha. Kisima chako cha kuchimba kwa mkono cha mita nane kinakunywa tabaka la juu. Borehole ya jirani (kisima kirefu cha mashine) ya mita 70 inakunywa la chini. Shimo la changarawe likikuumiza wewe jirani anaweza asione chochote akasema mnamsingizia mwekezaji, na wote wawili mnasema ukweli.

Hatua ya 2: Weka alama, pima kimo

Vifaa: futikamba ndefu ya mafundi (mita 30 inatosha kisima cha mkono), chaki, kizito kidogo cha kufunga mwishoni, rangi ya mafuta kidogo, na kaunta buku.

Paka rangi alama moja kwenye mdomo wa kisima. Kila kipimo kitaanzia kwenye hiyo alama, sio leo upande huu kesho upande ule, maana ringi nyingi za visima zimelala upande na tofauti ya sentimita tano inakuharibia daftari. Paka chaki mita moja ya mwisho ya futikamba, shusha taratibu mpaka usikie kizito kimegusa maji, ongeza kidogo ili ukae kwenye namba kamili pale kwenye alama, mfano mita 7 kamili, alafu vuta. Chaki iliyolowa inaonyesha maji yalifika wapi. Kama sentimita 38 zimelowa basi maji yapo mita 6.62 kutoka kwenye alama. Hivyo tu. Urefu wa kizito kilichoning'inia chini ya sifuri ya futikamba usiujumlishe hapa, maana unasoma namba za futikamba yenyewe; ujumlishe tu ukipima mpaka chini kabisa ya kisima.

Pima alfajiri kabla mtu yeyote hajachota. Kisima kikishachotwa kinashuka na kinachukua masaa kurudi, ukipima saa nne asubuhi unapima ndoo za wapangaji. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ile ile. Kwenye daftari andika tarehe, saa, kimo, kama mvua imenyesha wiki hiyo, kama pampu ya machimbo inafanya kazi, na jambo lolote geni, mfano jirani kachimba borehole mpya.

Borehole yenye bomba jembamba na pampu ndani futikamba haipiti vizuri. Tumia waya wa nyuzi mbili, ncha zimevuliwa sentimita moja, unashusha huku mita ya fundi umeme imewekwa kwenye kupima ukinzani, ncha zikigusa maji sindano inacheza. Weka alama kwenye waya, vuta, pima kwa futikamba. Zima pampu kwanza, na umeme wake uukate kabisa kwenye swichi kubwa.

Sasa kwa ambao hawakupima kabla na shimo tayari lipo, msikate tamaa, kuna ushahidi umelala majumbani. Mama mmoja wa Madale nilimuuliza maji yalikuwa wapi zamani akanijibu, "Mwanangu, we angalia kamba yangu." Kamba ya ndoo ilikuwa ya manila ya bluu, alafu imeungwa kipande cha njano, alafu kipande cha mpira wa baiskeli. Kila kiungo ni siku ambayo ndoo iligoma kufika. Pima kila kipande, muulize kiliungwa lini, watu hawakumbuki tarehe ila wanakumbuka mtoto alikuwa darasa la ngapi au ilikuwa kabla au baada ya mgao ule mkubwa, andika hivyo hivyo alivyosema. Risiti za fundi wa kuongeza ringi, siku pampu iliposhushwa chini zaidi, picha za zamani zinazoonyesha kisima, zote kusanya.

Hatua ya 3: Tafuta kisima cha kulinganisha

Hii hatua ndo inaua ile hoja ya "ni kiangazi". Dar tuna masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba, na katikati kila kisima kifupi kinashuka, kiwe na machimbo au kisiwe nayo. Kwa hiyo tafuta kisima kingine cha aina ile ile na kina kinachokaribiana, kilomita moja au mbili mbali na shimo, ambako hakuna uchimbaji, ongea na mwenyewe vizuri, mkipime siku zile zile. Visima vyote viwili vikishuka nusu mita kati ya Juni na Septemba hapo kweli ni msimu. Cha kwako kikishuka mita mbili na mwenzake nusu mita, ile mita moja na nusu inadaiwa maelezo.

Na uwe tayari kwa jibu usilolitaka. Mara nyingi kisima kinashuka kwa sababu mtaa umejaa borehole kumi na zote zinavuta kwa pampu za kuuza maji kwenye maboza, au kisima chenyewe kimejaa tope chini na hakijasafishwa miaka sita. Ukikuta hivyo bora ujue mapema kuliko kuaibishwa mbele ya kikao cha mtaa. Pima na kina chote cha kisima, kutoka alama mpaka chini kabisa, kama zamani kilikuwa mita 9 na sasa kizito kinagonga mita 7.5 basi umepoteza mita na nusu kwa tope, sio kwa machimbo.

Hatua ya 4: Linganisha usawa wa shimo na usawa wa kisima

Hii watu hawaifanyi kwa sababu wanadhani inahitaji mpima ardhi. Haihitaji. Mafundi ujenzi wote wana ule mpira mwembamba unaoonyesha, wanaujaza maji wanahamisha leveli kutoka kona moja ya nyumba kwenda nyingine. Huo huo. Maji kwenye ncha mbili za mpira yanakaa usawa mmoja daima ilimradi hakuna hewa katikati, kwa hiyo toa povu lote kwanza.

Anza kwenye alama yako ya kisima, hamisha usawa kwenye mti au kigingi ulichopigilia mita 15 mbele, weka alama, pima na tofauti, endelea mpaka ukingo wa shimo. Umbali wa mita 150 ni vituo kumi hivi, watu wawili, asubuhi moja. Ukikosea sentimita moja kila kituo bado hujaharibu, maana unachotafuta ni mita.

Mfano. Umekuta ukingo wa shimo upo mita 2 chini ya alama ya kisima chako. Shimo lenyewe lina kina cha mita 7. Kwa hiyo sakafu ya shimo ipo mita 9 chini ya alama yako, na maji ya kisima yapo mita 6.62. Sakafu ya shimo iko chini ya maji yako kwa mita 2 na ushee. Kama shimo lina maji, shusha kipimo mpaka usawa wa hayo maji, tuseme yapo mita 8.2 chini ya alama, basi kuna mteremko wa zaidi ya mita moja na nusu kutoka kwako kwenda shimoni. Hapo una hoja. Sakafu ya shimo ikiwa juu ya maji ya kisima chako, na kavu, hoja ya kunyonywa maji imekwisha, ila ya uchafu inaweza kuwa imebaki.

Usisimame ukingoni. Kuta za mchanga zinakatika bila kupiga hodi, na chini yake wapakiaji wamekwangua mara nyingi mpaka ukuta umebaki unaning'inia. Nenda na mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa, muda ambao malori hayapo, na usianze kubishana na vijana wa kupakia, wale wanalipwa kwa tripu na hawajui hata leseni ya bosi wao inasemaje.

Hatua ya 5: Chumvi na tope

Walio karibu na bahari, yaani Kunduchi, Mbezi Beach, Boko upande wa chini, Kigamboni yote ya pwani, nyie chumvi iwaogopeshe kuliko kukauka. Maji baridi ya ardhini pwani yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kwa sababu ya bahari ni mazito kidogo. Hesabu ya vitabuni ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa wa bahari. Ukiigeuza inatisha: shimo linalopampu likishusha maji ya eneo kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi chini unaweza kupanda kama mita 20 kadri muda unavyokwenda. Na kuirudisha chumvi chini ni kazi ya miaka, kuzima pampu peke yake hakutoshi.

Nunua kile kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji) kama kalamu, Kariakoo vipo na sio ghali. Chota baada ya kutoa ndoo kadhaa ili upate maji ya ardhini na sio yaliyolala kisimani, idadi ile ile kila wiki, andika namba. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema maji chini ya miligramu 600 kwa lita yana ladha nzuri na yakipita 1,000 yanaanza kukataliwa na ulimi. Kwa kazi yako namba moja haisemi kitu, mwendo wake ndo unasema. Kisima kilichokuwa 450 mwaka mzima kikaanza 520, 610, 700, hicho kinaenda kubaya hata kama bado kinanyweka, na kalamu itakwambia miezi kabla hujaonja chumvi kwenye chai.

Tope: chota maji kwenye chupa ya kuonyesha ya lita moja, iache ilale, kesho yake pima unene wa kilichotulia chini, piga picha pembeni ya rula. Fanya hivyo mtoni pia, juu ya machimbo na chini ya machimbo, siku hiyo hiyo saa hiyo hiyo. Hizo chupa mbili pembeni kwa pembeni mezani kwa afisa zinaongea zenyewe. Machimbo yanayoosha kokoto ndo yanatoa tope baya zaidi, ule unga mweupe unakaa siku nyingi bila kutulia.

Harufu ya dizeli, utando wa rangi rangi juu ya maji, hapo huhitaji kalamu, acha kunywa na upeleke sampuli maabara ya maji.

Hatua ya 6: Mto wenyewe

Tafuta daraja au kivuko karibu na machimbo. Weka alama tatu kwenye reli ya daraja, shusha kizito mpaka sakafu ya mto, andika. Rudia kabla ya masika na baada ya masika, alama zile zile. Angalia na hivi: msingi wa nguzo za daraja umeanza kuonekana, bomba la maji lililokuwa limefukiwa sasa linapita hewani, mizizi ya miti ya kingoni inaning'inia, mto umekuwa na ngazi kama vile maporomoko na ile ngazi kila mvua inasogea juu.

Kuna hoja moja ya wachimbaji utakutana nayo na inababaisha watu: "mto unajirudishia mchanga wenyewe kila masika". Ni kweli shimo linajaa. Ila ule mchanga umetoka mahali, na ukifuatilia unakuta umetoka kwenye kingo za watu huko juu, kwenye viwanja vilivyopungua.

Hoja nyingine ni ya mchimbaji mjanja zaidi, atakuambia shimo linabeba maji mengi kuliko mchanga uliokuwepo. Nayo ni kweli kwa hesabu. Mchanga wa lori la mita za ujazo 10 unashika maji kati ya matundu yake kama lita 2,500 mpaka 3,000, hizo ni ndoo kubwa zaidi ya 120, wakati shimo tupu la ukubwa huo linabeba lita 10,000. Ila maji ya ndani ya mchanga hayapigwi na jua, hayaingiliwi na mifugo na yanachujwa, ndo maana kwenye vijito vya msimu watu wanafukua mchanga kwa mkono Septemba na kupata maji safi. Shimo la wazi la mita 30 kwa 50, tukikadiria jua linanyonya milimita 5 kwa siku, linapoteza lita 7,500 kila siku, alafu yanayobaki yana mbu na kichocho. Hesabu hii ijue kwa kichwa.

Picha za zamani: fungua Google Earth kwenye kompyuta, ina sehemu ya kurudisha miaka nyuma, tafuta eneo lako, hifadhi picha ya kila mwaka unaoonekana vizuri. Utaona mto unavyonenepa. Kuna na rula ya kupima umbali, pima nayo kutoka ukingo wa mto mpaka machimbo.

Hatua ya 7: Peleka

Huo umbali una maana kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufukwe. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuidai. Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na hiyo ndo inayosimamia vibali vya kuvuta maji, kwa hiyo machimbo yenye pampu waulizwe kibali kiko wapi.

Anza chini, hata kama huna imani nako: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, afisa mazingira wa manispaa (Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni, au Jiji kama uko upande wa Ilala). Ukiruka hawa utarudishwa tu, na wewe unataka mihuri yao. Kutoka hapo barua inagawanyika kulingana na kosa. Kisima kushuka, pampu, mto kuchimbwa: Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, makao makuu yao yapo Morogoro na bonde lao linafika mpaka mito ya Dar. Uharibifu, tope, kukosa cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira: NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Leseni, mipaka ya eneo, kuchimba nje ya bikoni: Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini, na kumbuka hata mchanga na kokoto ni madini ujenzi, vinahitaji leseni, mara nyingi ile ya uchimbaji mdogo wanayoita PML. Bomba likifunuliwa mtoni: DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, na hapa utashangaa wanavyofika haraka.

Barua iwe ukurasa mmoja. Watu wanaandika kurasa nne za uchungu na hakuna namba hata moja. Andika kisima kipo wapi, shimo lipo wapi, umbali, kimo cha maji tarehe hii na tarehe ile, kisima cha kulinganisha kilisomaje, usawa wa sakafu ya shimo, alafu unachotaka. Ambatanisha kopi za daftari na picha. Sainini watu wengi wenye visima, kila mtu na kipimo chake. Peleka kwa mkono, kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, bila muhuri barua haijawahi kuwepo.

Na hapo kwenye "unachotaka" usiandike "wafungwe" halafu ukaishia hapo. Wengi tunaojenga tunanunua kokoto hizo hizo, na vijana wa mtaani wanakula pale, ombi la kufunga kila kitu linagawanya mtaa na mchimbaji anajua hilo. Omba vitu vinavyopimika: wasishuke chini ya usawa wa maji wa ardhini, na usawa huo upimwe na uwekwe bikoni inayoonekana, wasogee mita 60 kutoka mtoni, maji ya kuosha kokoto yatulizwe bwawani kabla ya kutoka, mabomba mawili matatu ya kupimia maji yachimbwe kati ya shimo na nyumba na matokeo yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi, na visima vilivyokauka wavirudishe kwa gharama zao. Shimo likiisha kingo zilazwe, zisiachwe wima, na lisijazwe taka, maana shimo lililofika kwenye maji ukalijaza taka ni sawa na kumwaga taka kisimani.

Wakati unasubiri majibu

Maji ya tope: yaache yatulie, tia shabu kidogo kama unaijua kipimo chake, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndo utie dawa ya kuua vijidudu au uchemshe. Dawa ikiwekwa kwenye maji ya tope nguvu yake inaliwa na tope. Chumvi haitoki kwa kuchemsha, inazidi.

Kuongeza kina cha kisima wakati shimo bado linashuka mimi siungi mkono, unaongeza ringi mbili mwaka huu, mwakani shimo limekufuata. Kama huna jinsi, usikubali fundi ashushe pampu ya petroli ndani ya kisima huku yeye yumo, moshi wake unaua ndani ya dakika chache na anaweza kudondoka kabla hajashtuka, na anayeruka kumuokoa naye anabaki. Borehole mpya inahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na ukiwa pwani usidhani kwenda chini zaidi ndo kupata maji matamu, hesabu ya mita 40 ipo pale pale.

Ukiwa mnunuzi, uliza mchanga umetoka wapi kabla lori halijamwaga. Kokoto za Lugoba, huko Chalinze, ni ghali kwa usafiri lakini zinatoka kwenye mwamba mgumu mbali na visima vyetu, na mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, mbali na kosa la kisheria ile chumvi inakula nondo zako.

Daftari usilifunge hata wakisimamishwa. Maji ya ardhini yanarudi polepole, kwenye mchanga unaweza kusubiri masika nzima au mbili kabla kimo hakijarudi karibu na kilivyokuwa, na wakiomba kufungua tena utahitaji kuonyesha kilikuwa kimefika wapi siku walipozima pampu.